Safari ya Nansio na Habari za Moto wa Jikoni

Wengi wenu mmesikia habari za Ukerewe, maana ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Lakini huenda si wengi waliokwisha kukanyaga mchanga wake. Mimi nilikwenda huko kumsalimu dada yangu, mjane mwenye watoto watatu, akaaye Nansio, mji mkuu wa wilaya ile. Nilidhani nitarudi na habari za samaki na machungwa. Nimerudi na habari za moto, kwa kuwa ndizo nilizozikuta katika kila nyumba niliyoingia.

MOTO HUJA KWA MAJI

Meli iliondoka Mwanza asubuhi, ikapita karibu na lile jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha. Mji ukabaki nyuma yetu na nyumba zake zilizopanda juu ya majabali. Safari yataka saa tatu au zaidi. Mwenye kusafiri bila haraka hupata nafasi ya kutazama wenzake na mizigo yao.

Nami nikatazama. Palikuwa na magunia ya unga na sukari, kreti za soda, mabati, magodoro, na kuku waliofungwa miguu. Kisha nikaona mitungi ya gesi, mingi, imefungwa kamba pamoja kama mbuzi waendao mnadani. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniona nikiihesabu, akacheka.

"Kijana, unahesabu nini?"

"Shikamoo, mzee. Nahesabu mitungi."

"Marahaba. Hesabu tu. Kisiwani kwetu kila kitu huja kwa maji, hata moto."

Neno lile lilinikaa moyoni. Baadaye nilipofika gatini Nansio nililielewa vizuri zaidi. Mtungi ulioshuka pale umekwisha lipiwa hamali wa Mwanza, na nauli ya meli. Sasa hamali wa Nansio anangoja, na nyuma yake yuko mwenye pikipiki. Kila mkono uushikao mtungi hudai chake, naye mama aliye jikoni ndiye hulipa mikono yote. Mkaa nao ni vivyo hivyo. Muuza mkaa mmoja wa sokoni aliniambia kuwa magunia yake mengi huvuka kutoka bara, maana kisiwani miti ya kuchomwa mkaa imekwisha.

KISIWA KILICHOJAA WATU

Sababu yake si ngumu kuijua. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na eneo lake lote ni kilometa za mraba kama 6,400. Lakini katika hizo, nchi kavu ni kama 640 tu. Nyingine zote ni maji. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo zaidi ya watu 380,000. Gawa mwenyewe: ni watu karibu 600 katika kila kilometa moja ya mraba ya udongo. Na kila mmoja wao anataka kula chakula kilichoiva kila siku.

Zamani haikuwa hivi. Mzee Aniceti Kitereza, aliyeishi Kagunguli katika kisiwa hiki hiki, alizaliwa 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akakitia mwenyewe katika Kiswahili. Kikapigwa chapa mwaka 1980, naye akafariki 1981. Atakaye kujua jinsi Wakerewe wa kale walivyolima, walivyopika na walivyopokea wageni, akisome. Wakati ule moto haukununuliwa. Uliulizwa kwa jirani, ukachukuliwa katika kigae, na kuni zilikuwa kichakani nyuma ya nyumba.

Leo kichaka hicho ni shamba la muhogo, au la mpunga, au ni ukuta wa jirani. Kuna msitu wa Rubya, shamba la miti la serikali, lakini huo si kichaka cha kila mwenye shoka. Waswahili husema bandu bandu huisha gogo, na kisiwani gogo limekwisha mbele ya macho ya watu.

JIKONI KWA DADA

Dada yangu huuza maandazi na uji kila asubuhi karibu na soko. Huamka saa tisa za usiku. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu ndani ya kibanda cha mabati, na pembeni jiko la bati la mkaa. Usiku wa kwanza niliamka nikaenda kumsaidia, lakini sikukaa dakika kumi. Moshi ulinitoa nje na machozi. Yeye alikuwa akikanda unga kana kwamba hakuna lolote, macho mekundu kama ya mvuvi aliyekesha. Kitinda mimba wake, wa miaka minne, alikuwa amelala mkekani palepale, akikohoa katika usingizi.

"Dada," nikasema, "moshi huu utakumaliza."

"Kaka, moshi nimeuzoea. Bei ndiyo sijaizoea."

Akanieleza. Wa kwanza yuko kidato cha pili. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za serikali imeondolewa, ndiyo, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Wa pili, binti wa darasa la sita, kila siku mbili hukosa masomo ya jioni kwa kuokota matawi makavu na vifuu. Wengine walikwisha mwambia mama yake kwamba mtoto huyu ana akili, asipotee. Dada alijua. Lakini kuni za kununua zilimshinda.

Nikamwuliza anatumia kiasi gani kwa moto. Hakujua. Unga alijua, sukari alijua, mafuta alijua mpaka kijiko. Moto hakuwahi kuuandika, kwa sababu huununua kidogo kidogo: leo kisado kimoja, yaani kopo la lita nne, kesho viwili, na fungu la kuni likipita mlangoni. Kitu kinunuliwacho kidogo kidogo hakionekani, kama maji yavujayo katika mtungi wenye ufa.

Basi tukatafuta daftari la shule lililobaki kurasa, tukachora mistari. Kila senti iliyoingia jikoni ikaandikwa. Mwisho wa juma la kwanza tukajumlisha kwa mwanga wa taa. Visado vya mkaa vilikuwa kumi na vinne, na kuni mbali. Katika kila shilingi kumi za maandazi, zaidi ya tatu ziliteketea. Dada alikaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Kumbe mimi nafanya kazi ya kumwajiri muuza mkaa."

HESABU YA MKAA, GESI NA UMEME

Msomaji, nisikilize hapa kwa utaratibu, maana ndipo penye faida.

Mkaa ni kuni zilizokwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake njiani. Katika tanuri la udongo la kienyeji, hutakiwa kilo sita mpaka kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Ndiyo maana misitu huisha upesi kuliko watu wanavyodhani. Na mafiga matatu nayo ni mlafi: katika sehemu kumi za moto, moja au moja na nusu tu ndiyo iingiayo chunguni. Nyingine huwapasha joto kuku na ukuta.

Gesi ni tofauti. Kilo moja yake, kwa hesabu ya nguvu iliyomo na jinsi jiko lake livyoshika sufuria, hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa katika jiko la bati la kawaida. Mtungi mdogo wa kilo sita, basi, ni sawa na kilo kama ishirini na nne za mkaa. Chukua bei ya mkaa wa kwako na bei ya gesi ya kwako, ufanye hesabu mwenyewe. Pengine utashangaa kuona kwamba gesi si ghali kama inavyosemwa.

Lakini hapa pana mtego, nao nikauona chini ya kitanda cha dada. Palikuwa na mtungi wa gesi, mtupu, umefunikwa kitambaa. Aliupata kwa bei ya punguzo. Ulipokwisha gesi, hakuujaza tena. "Kaka," alisema, "mkaa naununua kwa fedha ya leo. Gesi yataka fedha ya mwezi mzima kwa siku moja. Nami sina siku ya namna hiyo." Nikaenda kwa majirani wanne, kwa wawili niliukuta mtungi mtupu vilevile, mmoja umegeuzwa kigoda.

Sasa umeme. Umeme wa TANESCO upo Nansio, nao hununuliwa kwa LUKU, maana yake Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 122. Akizidi 75, uniti za juu yake ni shilingi 350 kabla ya kodi. Uniti ya 76 yazidi mara tatu bei ya uniti ya 75! Basi uniti hizo 75 ni kama kibaba cha unga: ukizitumia kwa akili, zinatosha, ukizimwaga, utalia.

Tazama mfano. Taa nne za zamani, zile za waya wenye kuwaka ndani, za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Taa nne za LED za wati saba, kwa saa zile zile, hula uniti nne na kidogo. Nuru inakaribia kuwa ile ile. Jiko la umeme la koili, la wati elfu moja, hula uniti moja kila saa liwakapo kwa nguvu zote. Ukichemshia maharage saa tatu, uniti tatu zimekwenda. Lakini mwalimu mmoja, jirani wa dada, alinionyesha sufuria la presha la umeme. Kilo ya maharage huiva ndani yake kwa nusu uniti hivi, maana limefungwa na joto halitoki. Hiyo ni kama shilingi sitini na moja kwa bei ya mtumiaji mdogo. Sufuria lenyewe si rahisi kulinunua, wala simwambii mjane alikope kesho. Lakini walimu wawili au watatu, au jumuiya, waweza kuchangiana.

Na msishangae mkinunua LUKU mara ya kwanza katika mwezi mkapata uniti chache. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo. Si mita iliyoharibika.

SIKU MOJA UKARA

Jumamosi nilikwenda Bugorora, nikapanda chombo kuvuka kwenda Ukara. Hakuna avukaye njia ile bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na Bwisya, wakafa watu zaidi ya 220. Abiria wengi walinyamaza tulipokaribia. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nami nikawaombea marehemu wale raha ya milele.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi ajabu, tangu zamani. Wataalamu wa kilimo wa Kiingereza walikwenda huko, na mwaka 1936 wakaandika kwa mshangao habari za Wakara, jinsi walivyoweza kulima ardhi ile ile mwaka kwa mwaka bila kuiua. Ng'ombe walifungwa zizini nyumbani ndani ya shimo, wakaletewa majani, na samadi yao yote ikarudi shambani. Na miti? Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Haukukatwa ovyo, ulipunguzwa matawi, majani yakaliwa na ng'ombe, vijiti vikawa kuni, na shina likabaki kuchipua tena.

Tafakarini neno hilo. Watu wale hawakungoja msitu uishe ndipo wajifunze. Walijua kisiwa kina mwisho. Sisi wa bara hudhani nyuma ya kilima kuna msitu mwingine, mpaka siku tupandayo kilima na kukuta wenzetu wa upande wa pili nao wanapanda kuutafuta wa kwetu.

Jambo jingine la Ukara ni umeme wa jua. Mwaka 2016 mtambo wa kampuni ya JUMEME ulianza kazi Bwisya, ukasambaza umeme kwa nyaya majumbani na madukani, ingawa nguzo za taifa hazikufika huko. Na ziwani pia mambo yamegeuka. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai za mafuta ya taa, na mafuta yale yalikula faida yao. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa, ili wajanja wasiyachanganye na dizeli. Siku hizi wengi wana taa za betri zichajiwazo kwa jua. Usiku nilisimama ufukoni nikaziona zimetapakaa majini, kama mji ulioshuka ziwani kulala.

TULIVYOFANYA

Nilirudi Nansio nikiwa na hamu ya kufanya jambo. Sikuwa na fedha za kumpa dada, ila mikono. Nitawaeleza tuliyoyafanya kwa mpango wake, mtu apime kwake.

Kwanza, tulijenga jiko banifu la udongo. Akina mama watatu wa jumuiya yake walikuja, mmoja akijua kazi hiyo. Tulichukua udongo wa kichuguu, tukaukanda na majani makavu yaliyokatwakatwa, tukalijenga lenye mlango mdogo wa kuni, mashimo mawili ya sufuria, na bomba la kutoa moshi nje. Tukaliacha likauke taratibu bila kuliwasha, maana ukiharakisha hupasuka. Sufuria lazima litoshe shimo lake sawasawa. Likipwaya, umefanya kazi bure.

Pili, kuni zilipasuliwa ndogo na kuanikwa juani, kisha zikawekwa chini ya paa. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake yenyewe, na kinachobaki ni moshi.

Tatu, maharage na makande yalilowekwa tangu usiku. Kila sufuria likapata mfuniko, hata ukiwa wa bati la kopo. Maji yakisha kuchemka, moto hupunguzwa. Maji yachemkayo kwa kelele hayana joto zaidi ya yale yachemkayo polepole.

Nne, dada alipata kikapu. Ni kikapu cha kawaida kilichojazwa nyasi kavu na nguo kuukuu, katikati pana nafasi ya sufuria, na mto wa kufunikia. Wali ukichemka vizuri, huondolewa motoni na kufunikwa humo. Baada ya saa moja au zaidi umeiva bila mkaa. Dada hakuniamini. Alifunua mara tatu kutazama, nami nikamwambia kwamba kila afunuapo anaufukuza moto alioununua. Mara ya nne alijizuia, wali ukaiva. Maharage yaliyochemshwa kwanza nusu saa huiva humo pia, ila yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa.

Tano, mkaa unaobaki huzimwa ndani ya chungu chenye mfuniko, usiachwe uwe jivu.

Juma la nne, daftari lilionyesha visado vinane badala ya kumi na vinne. Fedha za visado sita hazikuingia sokoni. Ziliingia katika kibubu cha mbao, kila Jumamosi jioni, watoto wakishuhudia. Kibubu hicho kina kazi moja tu: kujaza mtungi wa gesi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni kilo sita.

Sitawadanganya kusema kwamba shida imekwisha. Juma moja la mvua maandazi hayakununuliwa, na dada akakifungua kibubu kwa ajili ya dawa ya mtoto. Ndivyo maisha yalivyo. Lakini majuma baadaye aliniandikia kwamba mtungi umejazwa. Chai ya asubuhi na uji wa mtoto hupikwa kwa gesi, maandazi kwa jiko la udongo, makande kwa mkaa na kikapu. Mtu hahitaji kuacha vyote kwa siku moja. Na binti sasa huenda masomo ya jioni. Hilo tu, hata bila lingine, lingetosha kulipa nauli yangu.

ONYO MOJA KWA WA NCHI ZA BARIDI

Nansio haina baridi kali. Ziwa liko mita kama 1,134 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai blanketi moja latosha. Wenzetu wa Ulaya hutumia fedha nyingi kupasha nyumba joto wakati wa theluji. Sisi Mungu ametusamehe gharama hiyo. Lakini gazeti hili husomwa pia Makete, Njombe na Lushoto, ambako watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto. Nawasihi, msifanye hivyo na kulala. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Ota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kufunga mlango.

Tena moshi wa jikoni huua polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa magonjwa yaletwayo na moshi wa majumbani. Hapa kwetu serikali imetaja zaidi ya watu 33,000 kila mwaka. Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa kupikia kwa nishati safi, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu themanini katika mia wawe wanapika hivyo. Ni shabaha njema. Lakini haitatimia kwa kugawa mitungi peke yake, kama nilivyoona chini ya vitanda vya Nansio. Yatakiwa njia ya kumwezesha mwenye fedha ya leo kununua gesi ya leo.

KURUDI

Jumapili ya mwisho tulisali, na katika maombi ya waamini mama mmoja aliwaombea wale walao chakula kibichi kwa kukosa kuni. Sikuwahi kusikia ombi kama hilo, nami tangu siku ile hulitia katika sala zangu. Ukerewe iko katika Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010. Papa Fransisko alipotoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu sote, wengine walidhani ni habari za viwanda vya mbali. Pale kisiwani nilifahamu kwamba ni habari za mafiga pia.

Sikurudi kwa meli. Nilikwenda Rugezi, nikapanda kivuko cha kwenda Kisorya, nikashika njia ya Bunda. Katika maji yale membamba tulipishana na kivuko kingine kielekeacho kisiwani. Juu yake, kati ya watu na baiskeli, niliona lori limebeba magunia ya mkaa mpaka juu. Nikamkumbuka yule mzee wa meli: hata moto huja kwa maji.

Ndugu msomaji, na wewe mama uliye jikoni sasa, nakupa kazi moja ndogo juma hili. Tafuta daftari. Usibadili lolote kwanza. Andika tu kila senti iingiayo motoni, tangu Jumatatu mpaka Jumapili. Jumapili jioni baada ya chakula, waite baba na watoto, mjumlishe pamoja. Huenda nanyi mtakaa kimya kitambo kama dada yangu. Kisha anzeni na mfuniko wa sufuria, maana huo hauna bei.